Bahari ya Watoto wa Nakivale

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Desemba, kazi ya mwalimu hukomea langoni na kazi ya mzazi huanza. Kwa muda wa karibu miezi miwili, hadi shule zifunguliwe mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, nyumba hujaa miguu midogo, milango hufunguliwa na kufungwa mara mia kwa siku, na chakula kilichotosha watu wanne sasa huliwa na saba. Katika nyumba za askari mjini Mbarara, na katika vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, swali la akina mama wakati wa jioni huwa moja: watoto wamekwenda wapi? Jibu nalo aghalabu ni moja. Wamekwenda majini.

Maji yenyewe ni ya namna mbili. Mbarara, ambayo ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, imekaa juu ya mto Rwizi, ambao hushuka kutoka vilima vya magharibi, ukapita kati ya mji, ukaelekea kwenye mabonde ya mashariki yenye maziwa madogo na mafunjo, na hatimaye maji yake kufika Ziwa Victoria. Nakivale iko kusini-mashariki ya Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ziwa linaloyapa makazi hayo jina lake lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 26, na kina chake ni mita chache tu. Ni ndugu wa Ziwa Mburo, lile la hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1983, na ardhi oevu ya maziwa hayo iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, yaani orodha ya maeneo yenye maji yanayostahili kutunzwa na dunia nzima.

Makazi ya Nakivale ni miongoni mwa ya kale zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ili kuwapokea watu waliokimbia machafuko ya Rwanda. Baadaye wakaja wengine: kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na Sudan. Leo idadi ya wakazi imepita 100,000. Hakuna ua wa seng'enge kuyazunguka. Kwa sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006, mkimbizi nchini Uganda anaweza kutembea, kufanya kazi na kuishi karibu na mwenyeji, na watoto wa pande zote mbili huketi katika madawati yale yale. Kwa hiyo likizo inapofika, watoto wanaoteremka kwenda ziwani si wa kabila moja wala wa nchi moja. Lugha inayowawezesha kugombania nani awe nahodha ni Kiswahili.

Neno hilo, nahodha, lastahili kutazamwa kidogo. Mtoto wa Nakivale hajaiona bahari. Kutoka hapo hadi ufuko wa Bahari ya Hindi ni yapata kilometa 1,000 kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo bahari humfikia kwa kinywa. Mzee wa Kisomali aliyezaliwa Kismayu au Baraawe husimulia jinsi mawimbi yalivyokuwa yakigonga kuta za nyumba wakati wa pepo kali za kusi. Mama aliyetoka Fizi au Uvira husimulia Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 600 na kina cha mita 1,470, ambalo mtu akisimama ufukoni siku ya ukungu haoni ng'ambo, na ambalo wavuvi wake huvua dagaa usiku kwa taa, hata maji yakaonekana kama mji mwingine. Familia iliyotoka Rumonge, Burundi, ina ziwa lile lile kwa upande wa pili. Masimulizi hayo yote, yaliyotokea mahali mbalimbali, hukutana katika kichwa cha mtoto mmoja wa miaka minane, naye akiteremka kwenye tope la Nakivale hulitazama ziwa dogo lenye mafunjo na kuona bahari.

Katika kambi za askari mambo hayako mbali na hayo. Tangu Machi 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakitumwa Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika, na uwanja wa ndege ambao karibu yake wengi wao wamekaa umelala ubavuni mwa bahari. Wapo watoto wa Makenke, nje kidogo ya Mbarara, ambao wamejua kwamba maji ya bahari yana chumvi kwa sababu baba alilitaja jambo hilo katika simu. Twaweza kusema, pasipo kutia chumvi sisi wenyewe, kwamba bahari moja ya Mogadishu imepelekwa bara mara mbili: mara ya kwanza na Msomali aliyeikimbia, na mara ya pili na askari wa Uganda aliyekwenda kuilinda. Watoto wao huicheza bila kujua kwamba ni ile ile.

CHOMBO NA MABAHARIA WAKE

Chombo hutengenezwa kwa kile kilichopo. Madumu matupu ya mafuta ya kupikia, yakifungwa kizibo barabara na kuunganishwa kwa kamba za migomba, hufanya chelezo. Mabua ya mafunjo, ambayo ndani yake yana ufuta mwepesi wenye hewa, huelea vizuri yakiwa makavu na hufaa kwa mashua ndogo ya kuvutwa kwa uzi. Kipande cha turubai kuukuu ndicho tanga. Ndala iliyokatika hukatwa kwa wembe ikawa usukani, au magurudumu ya gari la waya litakalopeleka shehena kutoka bandarini. Ng'ombe wa udongo, wenye pembe ndefu za vijiti kama ilivyo desturi ya ng'ombe wa Ankole, hupakiwa melini bila kujali kwamba ng'ombe mmoja ni mkubwa kuliko meli. Mjini Mbarara, kwenye Rwizi, mashua haingojewi irudi. Mtoto huiachilia pale chini ya daraja, akakimbia ukingoni hadi matofali na bustani za watu zimzuie, kisha hubaki akisema inakwenda Victoria. Kwa ramani, hasemi uongo.

Ndugu wa tumbo moja huwa na namna yao ya kucheza, tofauti na marafiki. Marafiki wakikosana, kila mmoja hurudi kwao. Ndugu wakikosana, hurudi nyumba moja, wakala sahani moja na kulala mkeka mmoja, na kesho yake mchezo huendelea pale ulipoachwa. Ndiyo sababu mchezo wa ndugu waweza kudumu likizo nzima. Kisiwa kilichogunduliwa wiki ya kwanza ya Desemba huwa na mfalme wiki ya pili, vita wiki ya tatu, na soko baada ya Krismasi. Mkubwa ndiye nahodha, wa kati ndiye baharia anayelalamika, na mdogo, maskini, hupewa kazi ya kuwa mzigo, au samaki, au adui. "Dada, leo na mimi niwe nahodha," humwomba mkubwa wake. Huambiwa angoje akue. Akisisitiza sana hupewa unahodha wa dumu moja lililotoboka.

Wataalamu wa elimu wameitazama michezo ya namna hii kwa makini. Mrusi Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933 juu ya mchezo wa mtoto, alitaja kisa cha dada wawili waliocheza mchezo wa kuwa dada. Jambo hilo laonekana la kuchekesha, kwani walikuwa dada tayari. Lakini alieleza kwamba katika maisha ya kila siku mtoto huwa dada pasipo kufikiri, ilhali katika mchezo hujiuliza dada hufanyaje, akaanza kumshika mwenziwe mkono, kumgawia na kumlinda. Mchezo una kanuni, na mtoto huzitii kwa hiari, naye ni yule yule anayekataa kutii akiambiwa akalale. Mwalimu wa darasa la kwanza angefurahi kupata nusu ya utii anaoupata nahodha wa miaka kumi.

Ziwa kugeuzwa bahari si jambo la Afrika peke yake. Mwaka 1930 Mwingereza Arthur Ransome alitoa kitabu kiitwacho Swallows and Amazons, kinachohusu ndugu wanne wakati wa likizo kwenye ziwa la kaskazini mwa Uingereza, ambalo wao waliligeuza bahari yenye visiwa na maharamia. Baba yao ni mwanamaji, yuko mbali kazini. Ruhusa ya kusafiri kwa mashua peke yao huombwa kwa barua na jibu lake hufika kwa telegramu. Familia ya askari ye yote wa leo itayafahamu mambo hayo bila kufafanuliwa: mama yuko nyumbani na watoto, baba yuko mbali, na jambo zito linangoja neno lake. Tofauti ni kwamba leo neno hilo huja kwa simu, na mara nyingine mtandao hukatika kabla hajajibu.

Katika kitabu hicho dada mkubwa ndiye apikaye na kuhakikisha wadogo wamelala kwa wakati. Hapa nasi hatuna haja ya kwenda Uingereza. Msichana wa miaka kumi na mmoja wa Nakivale akienda ziwani, huenda na mdogo wake mgongoni, na dumu la lita ishirini mkononi, na onyo la mama masikioni. Kaka yake amekwenda kucheza, yeye amekwenda kuteka maji, na mchezo wake ni ule anaouiba njiani. Ni haki kulisema jambo hili wazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema vivyo hivyo katika kifungu cha 12. Hakuna palipoandikwa kwamba haki hiyo ni ya wavulana. Baba aliye na wana na mabinti aweza kuanza mageuzi kwa jambo dogo: zamu ya dumu.

MCHEZO WA KUKIMBIA

Kuna michezo ambayo humshtua mzazi. Watoto waliopita katika vita, na hata wale waliozaliwa baada ya safari lakini wakaisikia, huicheza safari hiyo. Hufunga vitambaa kama mizigo, hujificha ndani ya mafunjo, mmoja huwa mwenye bunduki ya fimbo, mwingine huwa karani anayeandika majina na kuuliza mko wangapi katika familia. Mara nyingine mmoja huambiwa alale asiinuke, kwa kuwa amekufa. Mama anayeuona mchezo huo kwa mara ya kwanza hutaka kuvunja fimbo na kuwarudisha wote nyumbani.

Si vema afanye haraka. Mtoto hana maneno ya kuelezea yaliyompata kama mtu mzima aelezavyo. Huyaeleza kwa mikono na miguu yake, na katika mchezo hupata kile alichokikosa siku ile, yaani uwezo wa kuamua. Siku ile hakuna aliyemwuliza kama anataka kuvuka mto. Leo ni yeye nahodha wa chelezo, naye ndiye aamuaye nani avuke kwanza na nani arudi kufuatwa. Ukitazama siku kadhaa utaona mchezo hubadilika: aliyekufa huamka, mwenye bunduki huchoka na kuwa mpishi, karani huwa mwalimu. Hiyo ni dalili njema. La kuangaliwa ni mtoto ambaye mchezo wake haubadiliki kamwe, unarudia jambo lile lile siku baada ya siku bila furaha, huku yeye mwenyewe halali vizuri, hali, anajikojolea ilhali alikuwa ameacha, au amejitenga na wenziwe. Huyo apelekwe kituo cha afya, na mzazi aeleze mambo hayo hayo kwa mhudumu.

Watoto wa askari na wa polisi wana mchezo wao wa jamaa hiyo. Baba akiwa safarini kwa muda mrefu, mtoto mmoja huvaa viatu vyake vikubwa akawa baba aliyerudi. Wadogo hupiga saluti. Kwa mama jambo hilo laweza kuwa chungu, hasa ikiwa simu haijapigwa wiki mbili. Hata hivyo, kumpigia mtoto kelele avue viatu kwafunga mlango ambao baba angeingilia siku atakaporudi kweli. Wengi wanaorudi kutoka kazi za mbali hukuta watoto wadogo wakiwakimbia kama wageni, na anayewasogeza karibu haraka zaidi huwa ni yule aliyekuwa akiwaigiza.

MAJI HAYANA MCHEZO

Baada ya kuyasema hayo ya kusifu, lazima yasemwe na ya kuogofya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hayo si maji ya bahari peke yake. Ni mito, mabwawa, visima, na mashimo ya kuchimbia mchanga na udongo wa matofali, kama yale yaliyo kandokando ya Rwizi, ambayo hujaa mvua na kuonekana kama madimbwi ya kawaida ilhali kingo zake ni wima na utelezi. Kina kidogo cha ziwa kisimdanganye mtu. Tope la chini hushika miguu, na mizizi ya mafunjo hufanya ukingo uonekane nchi kavu mahali ambapo chini yake ni maji.

Mtoto anayezama hapigi mayowe kama wengi wanavyodhani. Mdomo wake umo majini, na hewa aipatayo haitoshi kupiga kelele. Mikono hupiga maji kwa muda mfupi, kisha kimya. Kwa hiyo kukaa ndani ukingoja kusikia sauti si ulinzi. Wala dada wa miaka kumi si mlinzi wa kutosha, hata awe mwaminifu namna gani, kwa sababu akiona mdogo wake anazama atamrukia, na mara nyingi huwa wawili. Wafundishwe wote neno hili kabla ya kuteremka: aliye nchi kavu haingii. Hutupa dumu lililofungwa kizibo, hunyosha fimbo au kanga huku amelala kifudifudi, na mwingine hukimbia kuita mkubwa. Dumu tupu la lita ishirini humshikilia mtu juu ya maji. Vijiji vya ufukoni vikipeana zamu ya mtu mzima mmoja kukaa ziwani nyakati za watoto kuteka maji na kucheza, gharama yake ni kigoda na kivuli.

Kiboko ni jirani wa maziwa haya. Mchana hukaa majini, na usiku hupanda nchi kavu kula majani, akarudi alfajiri. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Kwa hiyo mtoto asiende ziwani kabla jua halijapanda wala baada ya kuanza kuzama, na asipite katika njia zilizofyekwa na miguu ya kiboko kwenye nyasi, hata zikiwa ndizo za mkato. Mamba naye wa maziwa haya hupenda mafunjo yaliyotulia, pale pale ambapo maharamia wadogo hupenda kujificha. Mahali pa kucheza ni pale palipo wazi, penye watu wanaofua na mitumbwi inayoingia na kutoka.

Adui wa tatu haonekani. Ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo waishio kwenye maji baridi yenye majani, vikaogelea na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Mtoto huwashwa kidogo, akasahau. Miezi au miaka baadaye huja maumivu ya tumbo, damu katika choo kikubwa au kidogo, na ini kuvimba. Maji yakitekwa bila konokono na kuwekwa katika chombo kwa siku mbili, vijidudu hivyo hufa, kwa hiyo maji ya kuoga yafaa yatekwe juzi yake. Mnyororo wenyewe huanzia kwa binadamu: asiyejisaidia majini hampi konokono kitu cha kumwambukiza. Dawa ipo, hupimwa kwa uzito wa mtoto, na hutolewa katika vituo vya afya. Lakini haimkingi mtoto na maambukizo mapya, na akirudi majini aweza kuupata ugonjwa upya.

Kwa kweli mzazi atakayesoma hayo yote aweza kuamua kufunga mlango mpaka Februari. Wapo wanaofanya hivyo. Lakini mtoto aliyefungiwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutoroka, na aliyetoroka huenda peke yake, saa asizoijulisha nyumba, mahali asipopaona mtu. Askari anajua kwamba eneo lisilo na doria si salama kwa sababu tu limekatazwa.

SAMAKI WA KWELI

Jambo jingine limeingia katika likizo za miaka ya karibuni. Kuanzia mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda kwa kiasi cha uhitaji wao na kupunguza msaada, na mwaka 2025, kwa upungufu wa fedha, wengi zaidi waliondolewa kabisa. Katika nyumba kama hiyo, mvulana anayecheza mvuvi huulizwa jioni kama amepata kitu. Ndoano ya mchezo hugeuka ndoano ya kitoweo, na kipande cha chandarua, ambacho kilitolewa ili kuzuia malaria, huburutwa ufukoni na kukamata vifaranga vya samaki pamoja na mayai yao. Sheria yakataza nyavu za matundu madogo, na mwaka 2017 jeshi la Uganda lilianza kushiriki katika kuilinda sheria hiyo ziwani. Askari atakayemkuta mtoto wa miaka tisa na kipande cha chandarua atafanya vema kumwuliza kwanza kama amekula, kisha amwonyeshe samaki mchanga aliyemo wavuni na kumweleza atakuwa na ukubwa gani akiachwa mpaka likizo ijayo.

Kambale na ngege wa kutosha kwa sufuria moja, waliovuliwa kwa ndoano halali mbele ya kaka mkubwa au mjomba, hakuna awezaye kumnyima mtoto fahari yake. Hujulikana njiani kwa namna anavyombeba samaki: hamtii mfukoni wala kikapuni, bali humning'iniza kwa unyasi uliopitishwa kwenye shavu, upande ule ambao nyumba zote za jirani zitamwona.

Januari mvua hukatika, maji hurudi nyuma, na ufuko huacha utepe mpana wa tope lililopasuka. Bandari zote za Desemba hubaki nchi kavu. Ndugu huzihamisha, madumu yakakokotwa hatua ishirini mbele, kisiwa kikapewa jina jipya, na mdogo aliyekuwa samaki sasa ameruhusiwa kushika kafi. Wiki ya mwisho madumu hutakiwa nyumbani. Kamba hukatwa moja moja, kila dumu husuguliwa kwa mchanga ndani na nje, hurudi kuwa la maji, na tanga la turubai hukunjwa likatiwa darini, juu ya sare za shule.